Mwongozo wa Damu ya Kawaida

Wako wanaosema nchi yetu haina kitu kinachodumu. Hao ni wazushi, na wengi wao wameshahojiwa. Ni kweli kwamba barabara zetu hudumu mvua mbili, madaraja mvua moja na nusu, na ahadi hudumu mpaka masanduku ya kura yafungwe. Lakini tunalo povu. Povu letu halichakai wala halivundi. Ukilichemsha linabaki, ukilichuja kwa kitambaa linapita, ukiliombea dua linakusikiliza kwa heshima na kukaa palepale. Wataalamu waliiita kemikali iliyomo ndani yake kemikali ya milele, na Serikali ikafurahi, maana neno hilo lilikuwa bado halijatumika katika mpango wowote wa maendeleo, ukiacha ule wa muda wa Rais kukaa madarakani.

Jina la nchi yenyewe sitalitaja. Kulitaja kunahitaji kibali, na anayetoa vibali yuko safarini.

Povu linatoka uwanja wa ndege wa taifa. Uwanja huo una njia ndefu ya kurukia, mnara na kikosi kamili cha zimamoto. Kilichobaki ni ndege, na ya kwanza inatarajiwa. Ili isije ikawakuta wamelala, askari wa zimamoto hufanya mazoezi kila Alhamisi, na sasa ni mwaka wa kumi na tisa. Huwasha matairi, huyazima kwa povu, hupigiana saluti, kisha huenda kula. Povu huteremka mtaroni mpaka Bonde la Mkwemba, ardhi hulinywa, ardhi hukinywesha kisima, na kisima hutunywesha sisi, watu elfu tisa. Watoto waliozaliwa miaka hiyo walidhani Alhamisi ndiyo siku ambayo mawingu hushuka kuoga.

Siku moja akaja mtafiti mgeni. Alipima maji, akapima damu za watu mia tatu wa bondeni, kisha akatangaza alichokiona. Serikali ilichukua hatua bila kuchelewa: ilimsindikiza mpakani kwa heshima zote, na baada ya miaka mitatu tu ikaunda kamati. Wizara ya Afya na Mengineyo ikatuahidi mwongozo wa wagonjwa waliofikiwa na povu. Na kwa kuwa nchi yetu ni ya utaratibu, ikatoa amri kwamba mpaka Mwongozo huo uzinduliwe na mgeni rasmi, hakuna tabibu atakayemshauri mgonjwa lolote kuhusu povu. Mwongozo ambao haujazinduliwa ni uvumi, na anayeusema ni mvumishaji.

*

Siwema alikuwa na mtoto wa wiki saba, binti aitwaye Tunu, na alikuwa na swali moja. Alilipeleka zahanati kwa Tabibu Lugendo.

Nieleze kwanza, kwa faida ya wageni, jinsi mtu anavyougua katika nchi yetu. Mgonjwa haingii tu akasema kichwa kinamuuma. Huo ni utovu wa shukrani. Anatoa risala. Anaanza na mafanikio, yasipungue matatu, ndipo anaruhusiwa kutaja changamoto moja. Mwenye homa na kuhara anatakiwa kuwa na mafanikio sita. Ndiyo maana watu wetu wengi hufia nyumbani. Magonjwa wanayo, mafanikio ndiyo yanawapungukia.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba, mama. Kaa. Anza na mafanikio." Tabibu akafungua daftari.

"Kwanza, naishukuru Serikali kwa kutujengea zahanati yenye milango miwili. Pili, naishukuru kwa ule mlango wa pili." Siwema alifikiri kidogo. "Tatu, nimepata mtoto."

"Hilo nalo la Serikali?"

"Andika tu, dokta. Nani atabisha?"

"Baba yake anaweza kubisha."

"Huyo akibisha mwambie alete mafanikio yake."

Tabibu akaandika. "Haya. Changamoto."

"Ni swali. Nimnyonyeshe au nisimnyonyeshe?"

Kalamu ya Tabibu ikasimama. Siwema akaendelea harakaharaka, kama mtu anayejua mlango utafungwa. Alisema amekunywa maji ya kisima kile tangu kuzaliwa. Alisema watu wanadai povu linapita kwenye damu na kuingia kwenye maziwa, na kwamba kila Tunu anaponyonya, yeye mama anahesabu mapigo ya koo la mtoto na kujiuliza anamlisha au anamuua.

"Mama mkwe ameshanunua kopo la maziwa ya unga," alisema. "Liko juu ya kabati. Kila asubuhi ananiuliza, leo tunafungua?"

"Na unga huo mtaukoroga kwa maji gani?" aliuliza Tabibu. Kisha akatazama tangazo la Wizara lililobandikwa juu ya dirisha, akafunga daftari. "Sikuuliza kitu."

"Umeuliza."

"Nimekohoa."

Siwema alimtazama. "Dokta, wewe unajua jibu au hujui?"

"Ninachojua na ninachoruhusiwa kusema bado hawajaoana, mama."

"Basi wapelekeeni mahari upesi. Mtoto ananyonya kila baada ya saa mbili."

Tusimlaumu Tabibu Lugendo. Mwenzake wa zahanati ya jirani alimwambia mgonjwa achemshe maji kabla mwongozo wa kuchemsha maji haujazinduliwa. Sasa ni tabibu wa mifugo huko mpakani, mahali ambapo mifugo haijawahi kufika. Tabibu Lugendo alimwandikia Siwema vidonge vya kichwa, kwa kuwa vilikuwa vimezinduliwa, na akamwambia arudi.

Alirudi. Alirudi mara kumi na moja, kila mara na mafanikio matatu mapya. Mara ya nane alimpongeza Waziri kwa afya yake njema. Mara ya kumi aliishukuru Serikali kwa jua.

*

Wakati huohuo Mwongozo ulikuwa unaandikwa kwa kasi, katika hoteli yenye bustani, chini ya Bi Vumilia Kapalata, Mkurugenzi wa Miongozo. Zilifanyika warsha saba. Warsha ya kwanza ilikubaliana juu ya rangi ya jalada. Ya pili ilitofautiana juu ya rangi hiyo. Ya tatu ilivunjika kwa sababu ya samaki waliotolewa mchana. Katika ya nne ndipo kijana mmoja wa maabara alipouliza swali ambalo halikuwa kwenye ratiba.

"Mkurugenzi, kemikali ikifika kiasi gani kwenye damu ndipo tuseme mtu ana tatizo?"

"Changamoto," alisahihisha Bi Vumilia.

"Ana changamoto. Wenzetu nje wanasema ikivuka ishirini ni ya kuangaliwa kwa karibu."

"Wenzetu nje wana damu ya nje," alisema Bi Vumilia. "Sisi tumepata uhuru. Damu yetu itapimwa kwa damu yetu."

Makofi yakapigwa. Wakazichukua zile damu mia tatu za Mkwemba ambazo mtafiti aliziacha alipokuwa akisindikizwa, wakatafuta wastani. Ukawa sitini na tano. Aliyekuwa juu kuliko wote alikuwa na themanini na saba. Basi ikaandikwa kwamba kawaida ni kile alicho nacho mwananchi wa kawaida, yaani kuanzia arobaini hadi tisini. Kwa sentensi hiyo moja bonde zima likapona. Mimi sijawahi kusikia tiba ya haraka kuliko hiyo.

Lakini Bi Vumilia alikuwa mtu wa kupenda majedwali, na jedwali lenye safu moja halipendezi. Akaagiza zitiwe tatu: Upungufu, Kawaida, Ziada. Kwa kila safu, ushauri. Kwenye Kawaida wakaandika, "Mgonjwa apongezwe." Kwenye Ziada waliandika kwa ukarimu mkubwa, maana walijua hatapatikana mtu wa kuingia humo, na wafadhili hupenda kusoma mambo mazuri: "Serikali itamletea mgonjwa maji salama mlangoni kwake, siku hiyohiyo na kila siku, mpaka damu yake irudi kuwa ya kawaida."

Kwenye Upungufu walikwama. Ni nani katika nchi yetu angekuwa na povu pungufu?

"Andikeni chochote," alisema Bi Vumilia. "Kama mtu amepungukiwa na kitu, anaongezewa."

Wakaandika, wakaenda kunywa chai.

*

Uzinduzi ulifanyika kwenye uwanja wa mpira wa Mkwemba, saa nne asubuhi. Tangu alfajiri boza la maji lilikuwa likipita barabarani kunyunyiza, ili vumbi letu lisimguse mgeni rasmi. Yalikuwa maji ya mjini, meupe, na wanawake walisimama kando na ndoo zao wakiyatazama yakimwagwa chini. Meza kuu ilivikwa kitambaa cheupe na kupangwa chupa za maji kutoka nchi yenye milima ya theluji. Kando yake, juu ya stuli, palikuwa na mashine mpya ya kupimia damu, imefungwa utepe kama bibi arusi. Kwa upande mwingine palikuwa na ndoo ya maji ya kisima na glasi yake, kwa ajili ya maonyesho.

Siwema ndiye aliyechaguliwa kusoma kwa niaba ya wagonjwa. Habari za ziara zake kumi na moja zilikuwa zimefika Wizarani, na Bi Vumilia alikuwa na falsafa yake: mwenye kelele mpe kipaza sauti, atayatafuta maneno asiyaone. Tunu alikuwa mgongoni kwa mama yake, amelala.

Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Profesa Sekiete, Waziri wa Afya na Mengineyo. Alisimama, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya kwa dakika arobaini. "Ndugu wananchi," alisema, "kuna mataifa yana dhahabu, na dhahabu huisha. Kuna mataifa yana mafuta, na mafuta huisha. Sisi tumejaliwa kisichoisha. Msikubali mtu awaambie mnaumwa. Mtu mwenye kitu cha milele ndani ya mwili wake anaumwaje? Huyo ni mwekezaji."

Tulipiga makofi. Palikuwa na askari waliokuwa wakiangalia nani hapigi.

Sasa, desturi ya nchi yetu ni kwamba chochote kinachozinduliwa, mgeni rasmi ndiye wa kwanza. Choo cha shule kikizinduliwa, yeye ndiye hutangulia. Jeneza la kisasa lilipozinduliwa, aliingia, akalala, akatoka, akashangiliwa. Kwa hiyo Mheshimiwa alikata utepe, akakunja mkono wa shati, na Tabibu Lugendo akamtoa damu. Mashine ikanguruma. Ikatoa karatasi. Bi Vumilia, ambaye alikuwa amengoja saa hiyo miaka mitatu, aliipokea na kuisoma kwa sauti kabla macho yake hayajauambia moyo.

"Mheshimiwa Waziri ana mbili."

Ratiba ilisema matokeo yakishasomwa, mwakilishi wa wagonjwa asome ushauri wake kutoka kwenye Mwongozo, ili ionekane jinsi ulivyo wa lugha rahisi. Siwema akapewa kitabu. Akapitisha kidole kwenye jedwali, taratibu, kama anayesoma barua ya mchumba.

"Chini ya arobaini," alisoma. "Upungufu. Mgonjwa anywe maji ya kisima cha eneo husika, glasi moja mara tatu kwa siku, mbele ya shahidi."

Akaweka kitabu chini. Akachota maji ya ile ndoo kwa ile glasi, akaipangusa kwa kanga yake, akampelekea Waziri kwa mikono miwili, kama tulivyofunzwa kumpa mkubwa kitu.

"Karibu, mheshimiwa."

"Asante, binti. Nimekunywa chai."

"Hii si kinywaji, mheshimiwa. Ni dawa."

"Nitakunywa ofisini."

"Imeandikwa mbele ya shahidi." Siwema akageuka akatutazama. "Mashahidi tupo elfu tisa."

Mzee mmoja wa mstari wa mbele akasema, kwa upole kabisa, "Usiogope, mwanangu. Ukizoea, hata ladha yake huioni." Na mwanamke mmoja nyuma akadakia, "Akisumbua, mzibeni pua. Mtoto hunyweshwa hivyo." Pakatoka kicheko kidogo, cha aina ile ambayo askari hawajui pa kukikamata.

Waziri aliitazama glasi. Sisi tuliitazama glasi. Yalikuwa maji safi kwa macho, hayana harufu, yale yale tuliyopikia ugali jana. Aliipokea, akainyanyua mpaka kidevuni, akakwepesha mdomo hata maji yakamdondokea kwenye tai. Akairudisha mezani.

"Maji haya siyanywi," alisema.

"Kwa nini, mheshimiwa?" aliuliza Siwema.

"Kwa sababu za kiitifaki."

"Mimi nilikuwa na swali dogo tu," alisema Siwema. "Nimelizungusha zahanati mara kumi na moja. Kumbe glasi moja ingetosha."

*

Hali ilikuwa nzito kuliko tulivyojua sisi wa chini. Katiba yetu inasema waziri lazima awe mtu mwenye akili timamu na damu ya kawaida. Kipengele cha akili huwa hakipimwi, lakini damu sasa ilikuwa imepimwa, hadharani, na mashine ya Serikali. Mbele ya macho yetu Mheshimiwa alikuwa anaacha kuwa waziri. Madereva wake walianza kumtazama kwa namna nyingine.

Bi Vumilia ndiye aliyemwokoa. Hakuwa mkurugenzi bure. Alichomoa kalamu, akaufungua Mwongozo mezani, akakata mstari mmoja, akaandika mwingine, akausoma kwa fahari: "Damu ya kawaida ni damu ya Mheshimiwa Waziri. Kawaida ni mbili."

Mheshimiwa akashusha pumzi. Akatia saini. Mhuri ukagongwa. Akaunyanyua Mwongozo juu kwa mikono yote miwili na kutangaza kwamba sasa, rasmi, umezinduliwa. Bendi ikapiga. Waziri alikuwa amerudi kuwa wa kawaida, na meza kuu nzima ikasimama kumpongeza.

Aliyefuata kupimwa, kwa mujibu wa ratiba, alikuwa mwakilishi wa wagonjwa.

"Siwema wa Mkwemba," alisoma Bi Vumilia, bado ana tabasamu la ushindi. "Ana sabini na moja." Akatazama jedwali. Tabasamu likabaki mdomoni peke yake, macho yakiwa yameshaondoka. "Ziada."

"Sikusikia, mama mkurugenzi," alisema Siwema. "Soma na ushauri wake."

Bi Vumilia akafuata mstari kwa kidole. Akasoma. Maji salama, mlangoni kwa mgonjwa, siku hiyohiyo na kila siku, mpaka damu irudi kuwa ya kawaida. Yaani mpaka sabini na moja iwe mbili. Na nyuma ya Siwema tulikuwa tumeshapanga foleni, mikono imekunjwa.

Mheshimiwa aliomba Mwongozo ufutwe. Mwanasheria wake akamnong'oneza kwamba uliozinduliwa hauwezi kufutwa mpaka uzinduliwe mwingine, na kwamba warsha saba hazifanyiki kwa asubuhi moja. Basi ndivyo ilivyotokea kwamba, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu, watu elfu tisa tukawa wagonjwa kihalali. Vigelegele vilipigwa mpaka farasi wa bendi ya polisi wakashtuka. Watu walikumbatiana. "Unaumwa?" "Naumwa, ndugu yangu, nina themanini." "Hongera."

Lile boza lililokuwa likinyunyizia barabara likaitwa, kwa kuwa ndilo gari la maji lililokuwa karibu, na Mwongozo ulisema siku hiyohiyo. Msafara wa Waziri ulirudi mjini ndani ya vumbi. Mtu mmoja alimkimbilia Bi Vumilia kwenye dirisha la gari akamuuliza kuhusu povu lenyewe, kama Alhamisi litakuja tena. Alijibu kwamba Mwongozo huu ni wa wagonjwa. Povu liko Wizara ya Uchukuzi.

*

Siwema hakungoja foleni ya boza. Alimfuata Tabibu Lugendo pale kwenye mashine.

"Umezinduliwa?"

"Umezinduliwa."

"Basi sema."

Tabibu alisema bila kuomba mafanikio. "Mnyonyeshe. Kweli, kiasi fulani kinapita kwenye maziwa, sikufichi. Lakini kwa mtoto huyu maziwa yako bado ndiyo bora, yanamkinga na mengi. Kinachotakiwa kubadilika ni maji. Ya kunywa na ya kupikia, kuanzia leo. Ungemwachisha ziwa ukamkorogea unga kwa maji ya kisima, angeyanywa yeye mwenyewe, glasi kwa glasi, kutwa mara nane."

"Kemikali iliyo ndani yangu inatolewaje?"

"Sina dawa ya kuitoa. Inapungua yenyewe, polepole. Miaka mitatu au minne, nusu. Kisha nusu ya hiyo nusu. Utakuwa unakuja nikupime mafuta ya damu, tezi ya shingo, figo."

Siwema akahesabu kwa vidole. "Atakuwa ameshaanza shule."

"Atakuwa ameshaanza. Ila kila siku unayokunywa maji mengine, na yeye unampunguzia."

"Hayo yote uliyajua siku ile ya kwanza?"

Tabibu alianza kuikunja waya ya mashine, akaikunjua, akaanza tena. "Niliyajua," alisema.

Siwema alijaza ndoo kwenye boza, akajitwika, akatembea na Tunu mgongoni. Mtoto alikuwa ameamka na njaa. Mama mkwe alikuwa amebaki nyumbani, hapendi hotuba. Alikuwa ameketi uani mbele ya jiko, kopo limeshafunguliwa, kijiko kimeshachomekwa ndani ya unga, na sufuria ya maji ya kisima inachemka.

"Nimechoka kukungoja uamue," alisema. "Leo anakunywa hii."

Siwema akatua ndoo. Akainyanyua sufuria kwa ncha za kanga, akaenda nayo hadi kwenye shimo la takataka, akaimwaga. Kisha akavuta kigoda, akaketi, akamfungulia mtoto kifua.

"Una wazimu? Nani kakwambia maji hayo mabaya?"

"Waziri."

"Waziri alisema hivyo?"

"Hakusema," alijibu Siwema, huku Tunu akilishika ziwa. "Alipewa glasi."